Waache Wakuchunguze: Miaka Yangu Katika Chumba cha Watoto

Nimesikia nafasi yangu imepata mtu. Binti aliyemaliza kidato cha nne, wa hapa hapa mtaani Chanji, mchangamfu, anapenda watoto. Haya. Hilo la kupenda watoto lifute kwanza. Kila aliyekuja pale akisema anapenda watoto alidumu mpaka siku ya kwanza ya kuhara.

Mimi ni mstaafu. Cheka tu. Sijafika hata miaka thelathini, mwanangu Josefu ananivuta gauni wakati naandika hapa, na sina kiinua mgongo wala picha ukutani nikipeana mkono na mkubwa. Lakini kazi nimeifanya, nimeiacha, na imeniachia la kusema. Wazee wanaoandika habari za kazi zao husubiri kwanza hasira ziwaishe. Mimi zangu bado ziko jikoni zinachemka, na ndiyo sababu nakuandikia sasa, wewe na wenzako mnaokuja nyuma yangu.

Kwa asiyekijua kituo chenyewe: kiko Sumbawanga mjini, na ni cha wasichana waliokatizwa shule kwa mimba, sasa wamerudi kusoma. Wao wanaingia darasani, watoto wao wanabaki chumba cha nyuma. Ndani ya chumba hicho anakaa mtu mmoja, anaitwa mlezi, na kwa miaka minne mlezi alikuwa mimi. Getini pameandikwa kwa rangi ya bluu: ELIMU JUMUISHI KWA WOTE. Ukiona neno kubwa limeandikwa getini, ingia ndani ulitafute. Angalia jikoni, angalia chooni, angalia nani amekaa benchi la mwisho. Ukilikosa huko, ujue lilipakwa rangi tu.

Kwa mfano. Chumba kilikuwa kimejaa watoto, na hakuna hata baba mmoja aliyewahi kuitwa kituoni kufundishwa lolote. Wasichana walifundishwa kujitambua, walifundishwa kusema hapana. Siku moja nikamuuliza Mratibu, yaani mkuu wa kituo, "Na hao wa kuambiwa hapana, wanafundishwa wapi?"

Akacheka. "Oliva, mradi hauna kipengele hicho."

"Kwa hiyo hawa watoto waliletwa na upepo?"

"Kapike uji, Oliva."

Nikaenda nikapika. Lakini tangu siku hiyo nilimwangalia yule mtu kama unavyomwangalia kuku wa jirani anayekaribia mahindi yako yaliyoanikwa.

Kazi nilifundishwa na Bibi Skola, aliyekuwa amelea watoto chekechea ya parokia mpaka magoti yakamkataa. Alikuja wiki yangu ya kwanza, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akanitazama nikihangaika na mtoto aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote.

"Huyo mwache," akasema.

"Analia, bibi."

"Anayelia ana nguvu. Niambie aliyenyamaza yuko wapi."

Aliyenyamaza alikuwa pembeni, macho yamelegea, anachemka. Tulimkimbiza zahanati. Sijasahau, na wewe usisahau: ukiingia asubuhi hesabu walionyamaza. Kelele si ugonjwa.

Alinifundisha pia habari ya baridi. Wewe wa huku unaijua baridi ya mwezi wa sita, lakini hujawahi kukaa nayo na watoto kumi na kitu kwenye sakafu ya saruji. Watandikie nyasi kavu chini ya mkeka, walaze wakigusana migongo, wavishe soksi mikononi. Jiko la mkaa lisiingie ndani na mlango ukafungwa, hata Mratibu akuambie wageni wanaona baridi. Moshi unaouona ni afadhali. Ule usioonekana ndio unaoua.

Na mwezi wangu wa pili nilifanya jambo ambalo Bibi Skola alilicheka mpaka akashika ubavu. Kila mama alikuwa akimwachia mtoto wake kanga au kitenge alicholalia usiku. Vilikuwa vinanuka maziwa yaliyochacha, jasho, moshi. Nikajiona mtu wa usafi. Nikakusanya vyote, nikafua kwa sabuni moja, nikaanika, nikakunja vizuri, nikagawa. Mama yangu! Chumba kizima kililipuka kwa vilio. Hakuna aliyelala, hakuna aliyekula. Hata Josefu wangu alikuwa ananisukuma. Nguo zote zilikuwa zinanuka sabuni, na mtoto mchanga mama yake anamjua kwa pua.

"Umewafanya wote yatima kwa siku moja," Bibi Skola akaniambia. "Usafi gani huo?"

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mimi ni Mfipa wa Matai. Ukiwa Mfipa unayeshika watoto wa watu hapa mjini, kuna swali utaulizwa. Tumaini, ambaye baba yake ni mtumishi aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya, aliniuliza siku ya kwanza, mtoto akiwa bado mgongoni kwake.

"Samahani dada, wewe ni mwenyeji wa hapa hapa?"

"Mfipa, ndiyo."

"Aah. Sawa." Akakaza fundo la kitenge kifuani.

Kila anayehamia huku anaanza kuonywa habari za uchawi tangu kwenye basi: unaenda Sumbawanga, angalia mtoto wako, usipokee chakula. Makondakta wanatania, abiria wanacheka. Nimekua nikiusikia mzaha huo, na nikutahadharishe, hakuna anayeusema mara tatu bila kuuamini kidogo. Nilikuwa nakasirika, najieleza, natabasamu mpaka mashavu yananiuma. Wapi. Kadiri unavyojieleza ndivyo mtu anavyojiuliza kwa nini unajieleza.

Lakini na sisi tusijifanye malaika. Siku Kabula alipoingia darasani kwa mara ya kwanza, benchi zima la wasichana wa Kifipa lilisogea. Kabula ni Msukuma. Watu wake walishuka na ng'ombe miaka mingi iliyopita wakakaa bondeni, upande wa Kaoze. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mtoto wa mtu nikamsikia Oresta, ambaye ni ndugu yangu kabisa kwa upande wa mama, akisema kwa sauti:

"Ng'ombe wenu walikula mahindi ya mjomba wangu."

Kabula akamtazama. "Mimi sikuja na ng'ombe."

Mwalimu alicheka, darasa likacheka, Oresta akanuna. Lakini benchi halikurudi lilipokuwa. Kabula alikaa peke yake muhula mzima, chini ya bango lililochorwa watoto wa rangi zote wameshikana mikono.

Mwanawe aliitwa Maduhu, jitu la miezi minane, zito kama debe la mahindi. Ukimpa uji wa ulezi usio na maziwa anakutazama kama umemtukana. Kiunoni alikuwa amefungwa kamba nyeusi yenye kifuko kidogo cha ngozi.

"Dada Oliva, hii usiitoe," Kabula aliniambia. "Hata ukimwogesha."

"Kuna nini ndani?"

"Bibi ndiye anajua."

"Basi mimi sijui, na sitaki kujua."

Nikawa namwogesha hivyo hivyo. Unainua kamba kwa kidole, unaosha chini yake, unakausha vizuri, unapaka mafuta, unairudisha. Mtoto hapati kidonda. Na usimcheke mwenye kamba. Mtoto wa Oresta alikuwa na medali ya Bikira Maria kwenye uzi, wa Tumaini alikuwa anapakwa kila asubuhi mafuta yaliyoombewa kanisani kwao mpaka paji la uso linang'aa kama sufuria. Kila mtu alikuwa amempa mwanawe mlinzi, na mlinzi huyo aliwekwa kwa sababu ya watu kama mimi. Nilijua. Unafanyaje? Unaosha mtoto.

Kisha zikaja habari za wageni. Mratibu alikuja na fulana za njano, zote saizi moja, watoto wavishwe wafanane. Akainua fulana ya Maduhu.

"Hizi kamba zitoke. Kwenye picha zitaonekana vibaya. Sisi ni kituo cha elimu, siyo cha mila potofu."

"Mwombe aliyezifunga."

"Oliva, unatetea ushirikina?"

"Natetea ruhusa. Mama yake yuko darasani hapo, hatua chache. Mwite."

Hakumwita. Alitoka. Nami nikafanya ujinga wa kuamini mtu aliyetoka bila kujibu. Nilienda jikoni kuepua uji. Niliporudi, Madam Tekla, mwalimu wa ushonaji, alikuwa amesimama katikati ya chumba na mkasi wake wa kukatia vitambaa. Maduhu alikuwa anamchekea. Kamba ilikuwa kwenye ndoo ya takataka, na uzi wa medali pia.

"Nimetumwa," akasema kabla sijauliza. "Usinitazame hivyo. Mimi nina mkataba kama wewe."

Kengele ya mapumziko ikalia hapo hapo. Kabula akaingia kunyonyesha, akampakata mwanawe, mkono ukaenda kiunoni kama unavyoenda siku zote. Ukasimama. Akainua uso akanitazama mimi. Si Tekla mwenye mkasi mkononi. Mimi.

"Dada Oliva."

"Sikukata mimi."

"Anayeshinda naye humu ndani ni nani?"

Nikamwonyesha Tekla. Tekla akaangalia chini. Akatokea Mratibu, amevaa tai, anatabasamu kwa ajili ya watu waliokuwa nyuma yake. "Jamani, tulieni, wageni wamefika, hili tutalizungumza." Wakaingia. Picha zikapigwa. Mama mmoja mwenye sauti nzuri akamwinamia Kabula, akamuuliza anajisikiaje kuwa mahali ambapo kila mtu anathaminiwa.

"Vizuri," Kabula akajibu.

Nikashindwa kunyamaza. "Muulizeni kamba ya mtoto wake iko wapi."

"Kamba gani?" mgeni akauliza.

"Michezo ya watoto," Mratibu akasema, akamshika kiwiko, akampeleka kuona cherehani.

Wewe binti, ukisikia mtu anasema "tutalizungumza," andaa chakula cha njiani. Halikuzungumzwa. Lakini Kabula alipiga simu kwao jioni ile ile, na huko Kaoze habari ilifika ikiwa fupi na imekomaa: Mfipa amemkata mtoto kamba. Baba yake alisema arudi, yeye na mtoto, na mambo ya shule yaishe. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne ulikuwa umebaki wiki mbili. Kabula alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, yeye aliyekaa peke yake benchi la mwisho. Akiondoka harudi. Nilishawaona wengi wanaosema "nitarudi mwakani." Mwakani wanakuwa na mtoto wa pili.

Baba alimtuma mama yake, yaani bibi yake Kabula, aje kuwachukua.

Bibi alipanda kutoka bondeni na gari la mizigo, amejifunga mashuka mawili, anatetemeka kwa baridi yetu na hataki ionekane. Mratibu alimwekea kiti ofisini. Mimi nilisimama mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye Mfipa?"

"Ndiye mimi."

"Lete mikono."

Nikatoa mikono. Akaigeuza, akatazama kucha, akanusa vidole. Sikukasirika. Naapa, ilikuwa mara ya kwanza katika kazi ile mtu kuniambia usoni anachokiwaza.

Mratibu akakohoa. "Bibi yetu, sisi tunaomba utuamini. Kituo chetu ni jumuishi, hakibagui kabila wala—"

"Niliwaamini," bibi akamkata. "Nimekuta kiuno cha mjukuu wangu kitupu."

Alisema "mjukuu" ingawa ni kitukuu. Mratibu akafungua mdomo tena, nami nikaona akiongea tena tumeliwa. Nikaingia.

"Bibi, usituamini. Mkasi ulitoka ofisi hii, na huyu hapa anajua. Lakini hata mimi usiniamini. Kaa. Keti mlangoni mwa chumba changu uniangalie mpaka Kabula amalize mtihani. Nikifanya jambo, chukua watoto wako wote wawili uondoke, na mimi nitakubebea mzigo mpaka stendi."

Mratibu amebadilika rangi.

"Nitalala wapi?"

"Kwangu, Chanji."

"Kwa Mfipa?"

"Bibi, kama nataka kukuroga, si afadhali uwe karibu unione?"

Alicheka bila kukusudia, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka. "Nitakaa. Lakini chakula chako sili."

Na kweli hakula. Alikaa kwenye chumba changu kimoja akapika kwa sufuria yake kwenye jiko langu, na chumvi yangu aliinusa kabla ya kuikataa. Usiku alilala ubavu, uso kwangu. Siku ya kwanza kituoni alimfunga Maduhu kamba mpya, mimi nikiwa nimemshika mtoto kwa sababu hakukubali kushikwa na mwingine. Bibi aliona hilo.

Nimewahi kukaguliwa na maofisa wenye vishikwambi. Hakuna aliyekagua kama yule bibi. Aliona mtoto wa Tumaini amelala kwa kukunja shingo nikiwa sijaona. Aliona kikombe nilichokiosha haraka, akakirudisha kwenye beseni kwa kidole kimoja. Aliniambia nawabeba watoto kama mtu anayebeba kuni. Nilichukia. Nilijirekebisha.

Halafu Tumaini akasema, "Kama wa Kabula anaangaliwa, kwa nini wa kwangu asiangaliwe? Na mama yangu aje."

"Aje," nikasema.

Mama Tumaini akaja na pochi na sweta la kufuma. Oresta aliposikia Msukuma na mtu wa Mbeya wanakaa mlangoni, akamleta shangazi yake asije mtoto wake akabaki bila mtu. Nikaweka benchi. Asubuhi ya kwanza walikaa watatu bila neno, kila mmoja ananichunga mimi kwa jicho moja na mwenziwe kwa jicho la pili. Neno la kwanza lilitoka kwa Mama Tumaini, na lilikuwa tusi.

"Uji gani huu? Hauna hata ndizi."

"Ndizi za nini?" shangazi yake Oresta akadakia. "Huu ni ulezi. Mtoto akila huu anasimama."

"Wa kwetu anasimama kwa maziwa," bibi akasema. "Huu wenu ni maji ya kuoshea mtungi."

Wakagombana mpaka saa sita. Kesho yake mmoja alikuja na ndizi, mwingine na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na shangazi akaleta ulezi aliousaga mwenyewe kwa hasira. Watoto walikula vitu ambavyo bajeti ya kituo haijawahi kuviona. Lakini usiende kuwaambia watu kwamba walipendana. Hawakupendana. Walichungana, na watoto wakashiba. Darasani benchi la mwisho likapata watu, kwa sababu Oresta aligundua kuwa hesabu za Kabula zinaonekana vizuri ukikaa karibu.

Hili ndilo ninalotaka ulibebe kwenda nalo kazini. Watakufundisha kwenye semina kwamba watu wa makabila mbalimbali wanatakiwa kuaminiana kwanza, ndipo wafanye kazi pamoja. Uongo. Mimi sikuaminiwa na mtu, na wala sikumwamini mtu. Niliacha mlango wazi. Anayekuomba umwamini huku amefunga mlango, huyo ndiye wa kuogopa, hata awe na tai.

Mratibu hakulipenda benchi. Alisema si sehemu ya mpango, na hao akina mama hawana vitambulisho vya kituo. Nikamwambia akasome getini pameandikwaje. Mwaka ulipoisha mkataba wangu haukuongezwa, waliniambia mahitaji yamebadilika. Ndiyo kustaafu kwangu huko. Benchi nimesikia lilirudishwa stoo. Likiwa bado liko, litoe.

Nimeruka mbele. Rudi nami kwenye mtihani.

Wasichana walikuwa wanafanyia mtihani shule ya jirani, ng'ambo ya uzio wa michongoma. Siku mbili zilipita salama. Ya tatu asubuhi, Kabula akiwa ameshaingia, nikasikia sauti ya mwanamume getini na mlinzi anajaribu kumzuia. Akaja mpaka mlangoni kwetu: mtu mrefu, koti la mvua, buti zina tope la bonde, fimbo mkononi. Hakunitazama mimi. Alimtazama bibi.

"Mama. Nilikutuma umlete. Umehamia?"

"Mwangaluka na wewe," bibi akamjibu. Ndivyo wanavyosalimiana asubuhi kwa Kisukuma, na alimsalimia ili kumkumbusha kuwa hakusalimia.

"Wiki ya ngapi hii? Simu yako imezimwa. Watu nyumbani wanasema na wewe umerogwa."

"Simu imezimwa kwa sababu ulikuwa unaipiga."

Shangazi yake Oresta akacheka ndani ya kanga. Yule baba hakucheka. Nilimwona uso wake kwa karibu na nikuambie ukweli, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa. Ana binti mmoja mahali ambapo amesikia tangu utoto kwamba watu hupotea, na sasa mama yake mzazi naye hataki kurudi.

"Kabula yuko wapi?"

"Anaandika."

"Naenda kumtoa."

Akageuka kuelekea kwenye uzio. Mtahiniwa akitolewa nje katikati ya mtihani hakuna cha kurudia, na nani atamweleza msimamizi kwamba baba ni mtu mwema, anaogopa tu? Nilitaka kukimbia nimzuie, lakini Mfipa akimshika koti Msukuma mwenye fimbo siku kama ile, hapo ndipo pangeharibika kabisa. Bibi ndiye aliyeinuka. Alikwenda polepole, akasimama kwenye pengo la uzio, mashuka yake mawili, na pengo likajaa.

"Rudi ukakae."

"Mama, pisha."

"Nimesema kakae. Nimelala chumba kimoja na huyu Mfipa. Nimemwangalia mpaka najua akikohoa anakohoaje. Wewe umemwangalia lini?"

"Sina haja ya kumwangalia, najua hawa watu!"

"Hata mimi nilikuwa najua. Nikaja kuona. Ukimtoa yule mtoto leo, ng'ombe wako utawakamua mwenyewe, mimi Kaoze sirudi."

"Na kama amekuchezea akili?"

"Basi njoo umwangalie wewe mwenye akili yako."

Walitazamana. Mlinzi alikuwa amefika, Mratibu amesimama mbali na simu mkononi hajui ampigie nani. Mwishowe yule baba akateremsha fimbo, akarudi nyuma ya mama yake kama ndama, akaingia chumbani.

Hakukuwa na kiti cha saizi yake. Akakaa kwenye kiti cha plastiki cha watoto, magoti yakamfika kidevuni. Watoto wakamgundua mara moja. Maduhu akaikamata fimbo akaitia mdomoni. Mtoto wa Tumaini akapanda buti. Josefu wangu akasimama mbele yake kumtazama tu, domo wazi.

"Mlishe mwenzio," bibi akamwambia, akamsukumia Maduhu na kikombe.

"Mimi?"

"Kuna mwanamume mwingine humu?"

"Ndiye wa kwanza kukaa humu," shangazi yake Oresta akasema. "Wale waliowapa hawa mimba na wao waitwe wakae hivyo hivyo, kwenye viti vidogo." Mama Tumaini akapiga makofi.

Nilidhani atakataa. Lakini alikishika kikombe akakiinamisha kidogo kidogo, kidole chini ya kidevu cha mtoto, kama anayemfundisha ndama kunywa kwenye ndoo. Hakumwaga tone. Baadaye Maduhu akapiga kikombe kwa mkono, uji wote ukaingia kwenye koti la mvua. Hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa Maduhu.

Yule baba aliinuka mara moja tu, akachungulia uzioni. Bibi alipofyonza, akarudi akakaa. Mimi niliendelea na kazi. Nilibadilisha nepi, nikaosha, nikalaza, macho yake yakiwa mgongoni kwangu kama jua la saa saba. Sikujieleza. Sikutabasamu. Nilikuwa nimeshajifunza.

Kengele ya ng'ambo ikalia. Wasichana wakaanza kupita kwenye pengo la uzio, wanaulizana majibu. Kabula akafika mlangoni, kalamu sikioni, akamwona baba yake amekaa kwenye kiti cha mtoto, uji kifuani, Maduhu gotini. Akasimama pale pale.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umemaliza?"

Kabula akamtazama bibi yake, akanitazama mimi, hakuna aliyemsaidia. "Bado, baba," akasema. "Kuna mwingine saa nane. Na kesho hesabu."

Yule baba akakigeuza kile kiti, na yeye juu yake, mpaka akawa ananitazama uso kwa uso.

"Nenda ukale upesi urudi ukaandike," akamwambia binti yake. "Mimi bado namwangalia huyu."